Pua ya Mtoto Inavyoumbwa Tumboni, na Mtoto Anayezaliwa na Mdomo Uliopasuka

  Leo tutazungumza kuhusu pua.

Najua kuna mama anayecheka na kuuliza, "Pua nayo ina habari gani?" Ngoja kwanza nikusimulie.

Wakati mmoja nikiwa katika kazi ya kuzunguka vijijini, mhudumu wa afya ya jamii aliniita katika boma moja. Alikuwa amesikia mtoto akilia ndani ya nyumba, lakini kila akipita aliambiwa kwamba mtoto amelala. Tulipokaribishwa tulimkuta mtoto wa wiki 3, amefunikwa uso kwa kitambaa. Alizaliwa na kilo 3.1. Tulipompima siku ile alikuwa na kilo 2.6. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka upande wa kushoto hadi ndani ya tundu la pua, na kaakaa, yaani ile dari ya kinywa, lilikuwa na mpasuko pia.

Nyanya yake aliniambia, "Daktari, tukimpa maziwa yanatokea puani. Tuliogopa tutamwua, kwa hivyo tunampa maji kidogo kidogo kwa kijiko." Mama mwenyewe hakusema neno. Baadaye, tulipobaki wawili, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, nilifanya nini?"

Mama mpendwa, mazungumzo ya leo ni jibu la swali hilo. Mtoto yule hakuwa karibu kufa kwa sababu ya mdomo. Alikuwa karibu kufa kwa sababu ya njaa, na njaa ile ililetwa na hofu. Mtu akijua jinsi pua na mdomo vinavyoumbwa, hofu hupungua.

Sasa tusikilizane. Tutahesabu kwa hedhi, kwa maana hiyo ndiyo kalenda ambayo kila mama anaijua.

Ukikosa hedhi ya kwanza, mimba yako huwa na wiki 2 hivi tangu ilipotungwa. Kiinitete ni kidogo sana na bado hakina uso. Wiki 2 baadaye, wakati akina mama wengi bado wanasema, "Labda imechelewa tu," kiinitete kina wiki 4, na urefu wake haujafikia punje ya mchele. Hapo ndipo uso unapoanza. Nyama changa huchipuka kutoka sehemu tano kuzunguka mahali ambapo kinywa kitakuwa: moja kutoka juu kwenye paji la uso, mbili za taya la juu, kushoto na kulia, na mbili za taya la chini.

Kwenye ile sehemu ya juu hutokea vinundu viwili, kimoja kila upande. Hivyo ndivyo mwanzo wa pua. Katika wiki ya 5 vinundu hivyo huzama katikati na kuwa vishimo viwili, na kingo zake huinuka kama kingo za bakuli. Wakati huo vishimo viko mbali, kimoja pembeni huku na kingine pembeni kule. Halafu uso unapokua, vishimo husogea polepole kuelekea katikati.

Ukikosa hedhi ya pili, kiinitete kina wiki 6 hivi na kinatoshana na punje ya haragwe. Hii ni wiki ya kazi kubwa. Kingo za ndani za vile vishimo viwili hukutana katikati na kushikana. Vilevile hushikana na nyama inayotoka taya la juu, upande wa kushoto na upande wa kulia. Kushikana huko ndiko kunakotengeneza mdomo wa juu na sakafu ya tundu la pua, na hukamilika kufikia karibu wiki ya 7.

Hebu pitisha kidole chako chini ya pua, juu ya mdomo. Unahisi kijifereji kidogo katikati? Nyama ya hapo ilitoka kwenye pua. Nyama ya pembeni yake ilitoka kwenye mataya. Kila mmoja wetu, mwenye mdomo mzima na mwenye mdomo uliopasuka, wakati fulani alikuwa na mwanya mahali hapo. Kwa wengi wetu mwanya ulifungika. Kwa wachache, upande mmoja au pande zote mbili hazikushikana. Hiyo ndiyo sababu mpasuko wa mdomo mara nyingi huwa pembeni kidogo, chini ya tundu la pua, na ndiyo sababu pua ya upande huo huonekana imepanuka au kulala. Pua na mdomo wa juu vilijengwa pamoja, kwa hivyo kimoja kikikosa kushikana, kingine nacho huguswa.

Baada ya mdomo huja kaakaa. Hili hujengwa kwa vipande viwili ambavyo mwanzoni huning'inia chini, kimoja kila upande wa ulimi. Karibu wiki ya 8 ulimi hushuka, vipande huinuka vikalala sawa kama mbao za dari, kisha hukutana katikati na kushikana kuanzia mbele kwenda nyuma. Utakapokosa hedhi ya tatu, kiinitete kikiwa na wiki 10 hivi, sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha. Kufikia wiki ya 12 dari imefungwa. Pua imepata chumba chake juu, na kinywa kimepata chumba chake chini. Vipande hivyo visipokutana, chumba cha juu na cha chini hubaki vimeungana, na ndiyo maana maziwa hutokea puani.

Mama, umesikia hesabu hiyo? Mdomo na pua vimekwisha kuungana kabla wengi wetu hatujafika kliniki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama mjamzito ahudumiwe angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Kufika mapema hivyo ni jambo zuri sana, lakini uso wa mtoto hauwezi kungoja hata tarehe hiyo. Maandalizi huanza kabla ya mimba. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Mtu mwingine atauliza, "Kwa nini mwili ujengwe kwa kuunganisha vipande?" Viumbe wengine wanatupa mwanga. Ukimtazama ngege sokoni utaona vitundu vidogo juu ya mdomo wake. Vile ni vya kunusa tu. Havifiki kooni, na ngege hapumui kwavyo. Mwaka 2004 wataalamu wawili, Zhu Min na Per Ahlberg, walieleza kuhusu mabaki ya samaki wa kale aliyepatikana Uchina, anayeitwa Kenichthys, aliyeishi miaka milioni 395 hivi iliyopita. Tundu lake moja la pua lilikuwa kwenye ukingo wa taya la juu, katikati ya mifupa miwili yenye meno. Lilikuwa njiani kutoka nje kuingia kinywani. Ni karibu na mahali pale pale ambapo mdomo wa mtoto hupasuka. Kwa hivyo mshono huo ni wa kale sana kuliko binadamu wa kwanza.

Pua yetu inayochomoza mbele nayo ina historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapa Kenya. Sokwe ana pua bapa. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya kijana magharibi ya Ziwa Turkana, huko Nariokotome, ya miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Watu wa aina yake ndio wa kwanza kuonyesha pua iliyochomoza mbele kama yetu. Wataalamu wanaeleza kwamba pua ya namna hiyo husaidia kutunza unyevu wa mwili mahali pa jua kali na ukavu. Hewa inapoingia, pua huipasha joto, huilowesha na kuichuja vumbi kabla haijafika mapafuni. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walionyesha kwamba upana wa matundu ya pua unahusiana na joto na unyevu wa nchi walikotoka mababu wa mtu. Pua nyembamba ni ya baridi na ukavu, na pua pana ni ya joto na unyevu.

Nawaeleza haya akina nyanya kwa sababu moja. Katika nyumba nyingi mtoto akioga hukandwa na kuvutwa pua ili iwe ndefu. Tafadhali tuache. Umbo la pua mtoto amelirithi, na mfupa na gegedu lake litaendelea kukua hadi ujana. Kuvuta hakuongezi kitu, bali kunaumiza ngozi laini. Tuache pia kumvuta mtoto kamasi kwa mdomo, na kumtia mafuta puani. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua katika miezi ya kwanza, ndiyo maana anaweza kunyonya na kupumua bila kukabwa. Pua yake ikiziba, hashibi. Tumia matone ya maji ya chumvi ya watoto utakayopewa kituoni au kwenye duka la dawa, kisha upanguse kwa kitambaa safi na laini.

Kuna mtoto mmoja mmoja ambaye njia ya nyuma ya pua haikufunguka tumboni. Mtoto huyu akifunga mdomo hubadilika rangi, midomo ikawa ya buluu, na akilia hupata nafuu kwa sababu anavuta hewa kwa kinywa. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitalini mara moja. Vilevile kimbia hospitalini ukiona mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au matundu ya pua yanapanuka kwa kutafuta hewa.

Sasa turudi kwa yule mama na swali lake, "Nilifanya nini?"

Duniani kote, karibu mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Wanazaliwa Ulaya, Asia, Marekani na hapa kwetu. Hawaletwi na laana. Hawaletwi na mama kumcheka mtu aliyepasuka mdomo, wala kushika kisu, wala kutoka nje ya ndoa. Kwa watoto wengi hakuna sababu moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mara nyingi ni mchanganyiko wa urithi wa pande zote mbili, baba na mama, pamoja na mambo mengine katika wiki zile za mwanzo. Baba unayesikiliza, usimwache mkeo peke yake na lawama. Mtoto ni wenu wote wawili.

Hata hivyo, yako mambo yanayoongeza hatari, na hayo tunaweza kuyapunguza.

Kwanza, sigara na pombe, iwe ya chupa, busaa au chang'aa. Mama anayetafuta mimba aache, na walio nyumbani wasimvutie sigara karibu.

Pili, dawa. Baadhi ya dawa za kifafa na dawa fulani za kumeza za chunusi zinaweza kudhuru uso wa mtoto unapoumbwa. Mama mwenye kifafa, tafadhali usiache dawa zako kwa sababu umenisikia mimi redioni. Degedege la mjamzito nalo ni hatari. Nenda umwone daktari kabla ya kushika mimba ili aangalie kama dawa inafaa kubadilishwa.

Tatu, ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa. Pima, na ufuate matibabu kabla ya mimba.

Nne, lishe na foliki. Foliki imethibitishwa kupunguza kasoro za uti wa mgongo na ubongo wa mtoto. Kwa upande wa mdomo ushahidi hauna nguvu sawa na huo, lakini faida yake kwa mtoto inatosha kuwa sababu ya kuitumia. Kiasi ni mikrogramu 400 kwa siku, na ni vizuri kuanza angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Vidonge vinavyotolewa katika kliniki zetu huwa na madini ya chuma na foliki pamoja. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Mama anayesaga mahindi yake kwenye posho mill ya kijijini hapati nyongeza hiyo, kwa hivyo azidishe kunde, maharagwe, ndengu, managu, terere na mchicha. Mboga zisichemshwe hadi zikapoteza rangi.

Je, mtoto akizaliwa amepasuka, tufanye nini?

Akishazaliwa, mkunga amtazame kinywani kwa mwanga na kumpapasa kaakaa kwa kidole kisafi, kwa maana mpasuko wa kaakaa peke yake hauonekani kwa nje. Ikiwa mtoto wako anachoka upesi akinyonya, analia kwa njaa kila mara na maziwa yanatokea puani, omba aangaliwe.

Mtoto aliyepasuka mdomo tu mara nyingi huweza kunyonya. Mshike akiwa ameinuka, ukiziba mwanya kwa titi lenyewe au kwa kidole gumba. Aliyepasuka kaakaa hawezi kuvuta titi, kwa sababu hewa inapita juu. Hajakataa maziwa, hana tu nguvu ya kuvuta. Mkamulie. Nawa mikono, kamua kwenye kikombe kilichochemshwa, kisha umlishe kwa kikombe kidogo au kijiko. Mkalishe karibu wima, kichwa kikiwa juu, na umpe polepole ukimwacha ameze na kupumua. Mcheulishe mara kwa mara, kwa sababu humeza hewa nyingi.

Kiasi gani? Mtoto aliyepita wiki moja anahitaji takriban mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 3 atahitaji mililita 450. Ukigawa mara 8, usiku na mchana, ni kama mililita 55 kila mara, yaani vijiko 11 vya chai. Maziwa kidogo yakitokea puani usishtuke. Panguza, mwinue, ngoja kidogo, endelea. Usimpe maji, uji wala maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi 6. Mpime uzito kila wiki hadi uone anaongezeka. Akipungua, akikohoa na kukabwa kila akilishwa, au akilegea, mrudishe kituoni siku hiyo hiyo.

Uzito huo ndio tiketi yake ya kushonwa. Kwa mdomo, hospitali nyingi hufuata kanuni ya kumi: mtoto awe na angalau wiki 10, uzito wa ratili 10, ambazo ni kilo 4.5 hivi, na damu isiyopungua gramu 10. Kwa kawaida mdomo hushonwa kati ya miezi 3 na 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto apate kaakaa zima anapojifunza kusema. Usikate tamaa ukisikia gharama. Yako mashirika, kama vile Smile Train iliyoanzishwa mwaka 1999, yanayolipia upasuaji huu katika hospitali yanazoshirikiana nazo nchini. Uliza katika hospitali ya kaunti yako. Na hata mtu mzima ambaye hakushonwa utotoni anaweza kushonwa.

Baada ya kushonwa, usipotee. Watoto waliopasuka kaakaa hupata maji na usaha masikioni kwa urahisi, na mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema. Apimwe masikio, aangaliwe meno, na akihitaji mtaalamu wa matamshi, apelekwe.

Na yule mtoto wetu je? Siku ile tulimkamulia mama maziwa, tukamlisha kwa kijiko mbele ya nyanya. Yalitokea puani mara mbili, nyanya akafunika macho. Mtoto akameza yaliyobaki, akalala usingizi wa kushiba. Tulimpeleka hospitalini, na aliporuhusiwa kurudi nyumbani nyanya ndiye aliyeshika kijiko usiku ili mama apumzike. Mdomo ulishonwa akiwa na miezi 5. Kaakaa lilishonwa baadaye. Na kile kitambaa cha kufunika uso sikukiona tena.

Kwa hivyo akina mama, tuondoke na mambo manne. Pua na mdomo huungana kabla ya hedhi ya tatu kukosekana, kwa hivyo anza foliki na uache pombe na sigara unapopanga mimba. Mpasuko si laana na si kosa la mama. Mtoto aliyepasuka alishwe maziwa ya mama siku ya kwanza hiyo hiyo, kwa kikombe ikibidi. Na asifichwe, kwa maana mtoto aliyefichwa hapimwi, na asiyepimwa hashonwi.

Ikiwa unajua nyumba ambayo mtoto wa namna hii amefungiwa ndani, usiende kuchungulia ili ukasimulie kisimani. Nenda umpige hodi mama yake, umwambie uliyoyasikia leo, kisha mwandamane hadi kituo cha afya.